Usimuue mama mtu kwenye karatasi

 

Wiki hii tunajibu swali moja tu, maana ni zito, na wengi wenu mna jamaa ng'ambo, kwa hiyo linaweza kubisha mlangoni kwenu pia. Mama aliyeuliza ameomba tusitaje jina lake. Anasema hivi:

"Kaka yetu alifariki, akaacha mtoto wa kiume. Sasa ana miaka sita, nakaa naye mimi shangazi yake. Mama yake aliolewa tena, yuko Baraka. Mdogo wangu anaishi Kanada, Mungu hakumpa mtoto, na anataka kumchukua huyu awe mtoto wake kwa sheria. Kuna bwana mmoja anatutafutia karatasi. Anasema tukiandika kwamba mama naye alikufa, dosie itakwenda mbio. Tumengoja mpaka tumechoka. Tufanye nini?"

Mama yangu, pole kwa msiba wa kaka, na asante kwa kumlea mtoto. Jibu langu la kwanza ni fupi: msikubali neno la huyo komisioneri. Mama wa mtoto yuko hai, anapika bugali Baraka kama sisi tunavyopika hapa. Msimuue kwenye karatasi. Sasa nieleze kwa nini, na baadaye tuzungumze juu ya njia iliyo nyoofu na jinsi ya kungoja.

Kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo kwetu yanaitwa kwa jina moja. Sisi tunaposema "nimempa dada yangu mtoto amlee", tunajua maana yake. Mtoto anakwenda kusoma Bukavu au Bujumbura, analala kwa mama mdogo, anakula kwake, anachapwa kwake, na sikukuu anarudi. Hakuna aliyepoteza kitu. Mama aliyezaa bado ni mama, na mtoto akiumwa anaitwa.

Adopsio, au kuasili mtoto kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania, ni kitu kingine. Ni hukumu ya juji. Inampa mtoto mzazi mpya mbele ya serikali. Sheria yetu ya Kongo inasema mtoto aliyeasiliwa anaendelea kuwa na undugu na jamaa alikozaliwa. Lakini katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, adopsio iliyo kamili inakata ule undugu wa kwanza mbele ya sheria. Ufaransa, kwa mfano, wana adopsio za namna mbili: moja inaacha uhusiano wa zamani, nyingine inaufunga kabisa, na cheti kipya cha mtoto kinaandikwa kama vile amezaliwa na wale wazazi wapya. Kwa hiyo mama wa Baraka akitia kidole akidhani anampeleka mtoto kusoma, kumbe ametia kidole kwenye jambo ambalo nchi ile nyingine inaweza kulisoma kwamba yeye si mama tena. Hapo ndipo machozi yanapoanzia. Mzungu hakumdanganya mtu, na pengine hata komisioneri hakudanganya. Tatizo ni kwamba neno moja lilikuwa na maana mbili, na hakuna aliyekaa chini kulieleza.

Sasa tuangalie yaliyotokea katika nchi yetu, kwa sababu kungoja kunakowachosha ninyi leo kuna historia yake.

Tarehe 25 mwezi wa 9, mwaka 2013, DGM, ile ofisi ya uhamiaji inayotugongea mihuri pale Kavimvira tunapovuka kwenda Burundi, ilisimamisha ruhusa ya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na watu wa nje. Wakubwa walisema wana wasiwasi: walisikia kwamba watoto wengine wakifika kule wanatendewa vibaya, au wanakabidhiwa kwa watu wengine wasiojulikana. Tena karatasi za uongo zilikuwa nyingi. Wengi wa watoto wale walikuwa tayari na hukumu ya tribinali. Kwa sheria walikwisha kuwa na wazazi wapya Marekani, Ufaransa, Italia, Ubelgiji, Kanada. Kilichokosekana ni karatasi moja tu ya kutokea. Ilikadiriwa kwamba zaidi ya watoto 1,000 walikwama.

Walingoja mwaka, ikawa miwili. Kuna wazazi wa kigeni waliohama kabisa wakaja kuishi Kinshasa na mtoto, kwa sababu kule kwao alikuwa mtoto wao, na hapa hakuruhusiwa kupanda ndege. Wengine walimwona mtoto akikua kwenye picha za simu tu. Mwezi wa 11, mwaka 2015, kundi dogo liliruhusiwa, na mwezi wa 2, mwaka 2016, watoto wengine zaidi ya mia moja. Kisha sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7, mwaka 2016, iliyorekebisha Sheria ya Familia ya 1987, ikasimamisha adopsio za kimataifa mpaka serikali iweke chombo chake cha kuzisimamia.

Wamama, angalieni jambo moja. Kati ya wale zaidi ya elfu moja, walikuwemo watoto ambao karatasi zao zilikuwa safi kabisa. Nao walingoja pamoja na wengine. Uongo ulioandikwa katika dosie za wachache uliwafungia mlango wote. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba uongo unaharakisha, mwambie: uongo ndio uliotuchelewesha.

Tena uongo huo si hadithi. Mwaka 2017 Wabelgiji walianza kusikia habari ya watoto wa upande wa Gemena, kule kaskazini-magharibi ya nchi yetu. Wazazi wao walikuwa wameambiwa kwamba watoto wanakwenda Kinshasa kwa likizo. Watoto hawakurudi. Walikuwa wamefika Ubelgiji wakiwa na karatasi zinazosema ni yatima, na wale waliowapokea walikuwa wameamini hivyo kwa moyo safi. Vipimo vya ADN vilionyesha kwamba baba na mama wako hai kijijini, wanangoja. Fikirieni ile miaka ambayo wazazi wale walikuwa wanauliza kila gari linalotoka Kinshasa. Fikirieni pia yule mama wa Ubelgiji, amemfundisha mtoto kusema "mama", kisha anaambiwa kwamba mama yupo. Na mtoto katikati. Jambo la namna hiyo likishafika huko, hakuna juji anayeweza kulirudisha likawa kama zamani bila kumuumiza mtu.

Sasa rudi kwa swali lako, mama yangu. Mtoto wenu ana miaka sita. Anajua kwamba ana mama Baraka. Akifika Kanada na karatasi inayosema mama alikufa, itambidi aseme uongo kila anapoulizwa na mwalimu au daktari, au akae kimya. Akiwa na miaka ishirini atataka kuja kumtafuta mama yake. Atamkuta. Na mama atamuuliza: "Nani aliniua?"

Kuna wengine wanaofikiri njia ya mkato nyingine: yule dada wa Kanada aandike kwamba huyu ni mtoto aliyemzaa mwenyewe, alimwacha nyumbani. Hiyo nayo ni shimo. Nchi zinazopokea watu zinaweza kuomba vipimo vya ADN zikiwa na shaka. Damu ya shangazi si damu ya mama. Ikigundulika, anayeumia si mtoto peke yake: hata makaratasi ya dada mwenyewe yanaanza kuchunguzwa upya, na siku nyingine akitaka kumwita mzazi au ndugu hataaminiwa.

Basi njia nyoofu ni ipi? Nitaieleza hatua kwa hatua, kama tunavyofanya tunapogawa kazi ya kikundi.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kama mlango uko wazi. Usianzie kwenye karatasi za hapa. Anzia kwa mdogo wako. Kule Kanada adopsio inasimamiwa na kila jimbo, halafu uhamiaji unashughulikiwa na serikali kuu. Aende kwenye ofisi ya jimbo lake, aulize kwa maandishi: je, leo mnapokea maombi ya mtoto kutoka Kongo, ikiwa anayeomba ni shangazi yake? Ajibiwe kwa maandishi. Wengi wanadhani kwamba kwa kuwa ni damu moja, hii si adopsio ya kimataifa. Katika nchi nyingi wanaangalia makao: mtoto anakaa Uvira, mzazi mpya anakaa ng'ambo, basi ni ya kimataifa. Jibu likiwa "hapana kwa sasa", mmeokoa dola nyingi na moyo wa mtoto. Wala si nchi yetu peke yake iliyofunga milango. Kenya ilisimamisha adopsio za kimataifa mwezi wa 11, mwaka 2014. Uganda ilikaza sheria yake ya watoto mwaka 2016, mgeni anatakiwa akae kule kwanza na mtoto.

Hatua ya pili ni cheti cha kuzaliwa. Hiki mnakihitaji hata kama mtoto hatakwenda popote. Sheria yetu inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa kumwandikisha mtoto katika ofisi ya etasivili, na ndani ya siku hizo ni bure. Siku zikipita, unapitia tribinali kupata hukumu ya kujaza pengo, ndipo cheti kiandikwe. Najua wengi walipoteza vyote mwezi wa 4, mwaka 2020, wakati mto Mulongwe ulipojaa ukabeba nyumba. Najua pia waliokimbia usiku bila kuchukua hata nguo. Hata hivyo kupotelewa na karatasi si sawa na kutoandikishwa. Kama mtoto aliandikishwa, jina lake linaweza kuwa bado kwenye kitabu cha ofisi. Ulizeni hapo kwanza kabla ya kulipia kitu kipya. Na majina yaandikwe sawasawa. Herufi moja ikipishana kati ya cheti cha kuzaliwa, karatasi ya kifo ya baba na kadi ya shule, dosie inarudi, na mnaanza tena kungoja.

Hatua ya tatu ni kauli ya mama. Najua mila yetu. Kwa Wavira, Wafuliiru na Wabembe, mtoto ni wa upande wa baba, na kaka akifa, mtoto ni wa jamaa ya kaka. Lakini mbele ya juji, baba akiwa amekufa, mzazi aliyebaki ni mama, na ni yeye anayetakiwa kukubali. Kuolewa tena hakumfuti. Basi nendeni Baraka. Msitume ujumbe wa simu, nendeni mwenyewe, na mzee mmoja wa jamaa. Kaeni naye. Mwelezeni maana zote mbili za lile neno. Mwambieni wazi kwamba mtoto anaweza kukaa miaka mingi bila kurudi, na kwamba kule anaweza asiitwe tena mama yake kwa sheria. Mpeni muda wa kulia na muda wa kufikiri. Akikataa, dosie imeishia hapo, na mumshukuru kwa kusema kweli.

Mkataba wa La Haye wa tarehe 29 mwezi wa 5, mwaka 1993, ambao majirani zetu Burundi na Rwanda wameukubali, unasema kauli ya mzazi itolewe kwa hiari, kwa maandishi, baada ya kuelezwa matokeo yake, na isinunuliwe kwa malipo yoyote. Kauli ya mama haikubaliki kabla mtoto hajazaliwa. Ningependa kila mama mjamzito asikie neno hili, maana wako watu wanaozunguka kwa wasichana wenye mimba na shida, wanaahidi matibabu na kitenge, halafu wanaomba kidole. Mtu akikupa pesa ili utie kidole, hiyo si adopsio tena. Ni biashara ya mtoto.

Hatua ya nne ni tribinali ya watoto, ambayo sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1, mwaka 2009, ya kulinda mtoto, iliipa kazi hii ya adopsio. Juji ataulizia kama kuna mtu hapa nchini anayeweza kumlea mtoto vizuri. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989, ambao nchi yetu iliupokea mwaka 1990, unasema mtoto apelekwe nje tu kama hapa kwao hakuna familia au namna nyingine ya kumtunza. Hapo, mama yangu, juji atakutazama wewe. Atasema: "Kumbe mtoto analala kwako, anasoma, anakula. Kwa nini aende?" Mjibu lake mlitayarishe kwa ukweli, na mjiulize ninyi wenyewe kabla hajawauliza.

Hatua ya tano ni kutoka: pasipoti, ruhusa ya DGM, visa. Hapa ndipo watu wale wa 2013 walipokwama. Usiuze kiwanja wala kuvunja fedha za kikundi ili kununua tiketi kabla karatasi ya mwisho haijawa mkononi.

Kwa kila hatua shikeni desturi hii. Nunueni daftari moja. Andikeni tarehe, ofisi, jina la kazi ya mtu mliyemwona, alichosema, mlicholipa. Ombeni risiti. Pasipo risiti, andikeni hivyo hivyo kwamba haikutolewa. Mpigie fotokopi kila karatasi kabla ya kuiacha, na picha ya simu itumwe kwa mdogo wako. Karatasi ya Kifaransa usiyoielewa isomwe na watu wawili tofauti, mmoja awe hapati faida yoyote katika jambo hili. Komisioneri hawezi kuwa mkalimani wako, kwa sababu analipwa ukisema ndiyo.

Sasa juu ya kungoja kwenyewe. Wakubwa tunangoja tukiwa na kazi na mawazo mengine. Mtoto wa miaka sita hana hesabu ya miezi. Ukimwambia "utakwenda kwa shangazi Kanada", anadhani ni kesho. Kila ndege anayoisikia anasema ni yake. Nimeona watoto waliokataa kucheza na wenzao kwa sababu "mimi ninakwenda". Nimeona wengine hawapelekwi shule kwa sababu "atasomea kule". Hapana. Mtoto anayengoja aende shule. Tangu mwezi wa 9, mwaka 2019, serikali imetangaza shule ya msingi kuwa bure katika shule za serikali; hata kama kuna kidogo kinachoombwa, akae darasani. Apewe chanjo. Apande mihogo pamoja nanyi. Aitwe jina lake. Aende Baraka kumsalimu mama yake. Mwambieni ukweli ulio mdogo kama umri wake: "Shangazi anakupenda, anauliza kama unaweza kukaa naye. Wakubwa bado wanazungumza. Leo uko hapa, na hapa ni kwenu."

Kwa mdogo wako wa Kanada nina neno pia, na ninyi wote wenye dada ng'ambo mumtumie. Dada, shauku yako ya kuwa mama tunaielewa. Katika vikundi vyetu wako wamama wengi wanaobeba huzuni hiyo kimya. Lakini kuwa mama wa mtoto huyu kunaweza kuanza kabla ya hukumu. Lipa daftari na viatu. Piga simu siku ile ile kila juma, akuzoee. Mlango ukifunguka atakuja akikujua. Usipofunguka, atakuwa amekua na shangazi wawili na mama mmoja, na hakuna aliyepotea.

Mama uliyeuliza, kwa wiki hii fanya mambo matatu tu. Mwambie yule bwana asimamishe kazi, na akurudishie kila karatasi uliyompa. Mdogo wako apeleke lile swali kwenye ofisi ya jimbo lake. Na wewe tafuta nafasi kwenye gari au mtumbwi wa Baraka, ukamwone wifi yako.

Tuonane wiki ijayo. Maswali yenu yapelekeni kwa wasimamizi wa vikundi kama kawaida.